Siku 10 Saint Vincent na Grenadines: tukodi boti au tuzunguke na feri? Na kile kisiwa kikubwa kina nini?

mpenda_maji

Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo yenu kabla sijalipia kitu nikaja kujuta. Mimi na mwenzangu tumejichanga muda mrefu twende Karibi, na baada ya kukesha kwenye mavideo ya watu tumeangukia Saint Vincent na Grenadines, vile visiwa 32 (vingine ni jiwe na vichaka tu) vilivyojipanga kama shanga kutoka Saint Vincent kushuka kusini mpaka mpakani na Grenada. Tuna siku 10 kamili, ukitoa zile za ndege.

Sasa kuna wakala mmoja ametukomalia tuchukue katamarani na nahodha wake siku 7, anasema bila boti hujaona kitu, halafu eti Saint Vincent yenyewe tusipoteze muda, tukishuka kwenye ndege tuunganishe moja kwa moja bandarini manake pale ni mlima, mvua na mchanga mweusi. Bei aliyotaja imenifanya nikae chini. Na mwenzangu ni mtu wa kutapika hata kwenye boti iliyofungwa gatini, sijui nitamweka wapi siku 7.

Kwa hiyo aliyefika huko anisaidie, je bila kukodi boti unaweza kuviona hivyo visiwa vizuri? Na hicho kisiwa kikubwa ni kweli hakina maana au huyu jamaa anavutia kwake tu? Sitaki hoteli ya kulala nikiangalia bahari siku 10, hiyo siiwezi, nataka nikirudi niwe na cha kusimulia.

baharia_wa_zamani

Mkuu, mimi nimepika kwenye boti za kukodi misimu miwili hukohuko, kwa hiyo nikikwambia kitu nakwambia kutoka jikoni.

Boti ni tamu, sikudanganyi. Ila wakala hajakwambia habari ya upepo. Kule upepo unatoka mashariki, kwenye Krismasi na Januari unapanda kaskazini mashariki na unakuwa mkali. Kutoka Saint Vincent kushuka Bequia, Canouan, Mayreau hadi Union unateremka nao vizuri, watu wanakunywa vinywaji wanapiga picha. Siku ya kurudi ndo kilio, unakwenda joshi, yaani kuukabili upepo, unapiga bisho, yaani kwenda kwa kukata kushoto kulia, bahari inakuja puani, na kule kati ya kisiwa na kisiwa Atlantiki inapita bila kizuizi. Nimeshuhudia watu wamelala chini jikoni kwangu wamekumbatia ndoo. Kwa huyo mwenzako mimi ningesema hapana, labda ukodi kwa safari ya kushuka tu, uishie Union urudi kwa feri au kindege.

Feri zipo. Kingstown, mji mkuu ulioko Saint Vincent, hadi Bequia ni kama saa moja, inabeba kila mtu, mama na magunia yake ya viazi, watoto wa shule, friji ya mtu imefungwa kamba. Kaeni upande wa nyuma, chini, katikati, siyo mbele juu kwenye mandhari. Huko kusini zaidi feri siyo za kila saa, inabidi upange siku zako kufuata ratiba yao na siyo ratiba ifuate siku zako.

Kitu kimoja ambacho msikose kwa namna yoyote ni Tobago Cays. Usichanganye na Tobago ya Trinidad, hii ni vijisiwa vitano visivyokaliwa na mtu, Petit Rameau, Petit Bateau, Baradal, Jamesby na Petit Tabac, ni hifadhi ya bahari tangu 1997. Mbele yake kuna mwamba wa matumbawe umejikunja kama kiatu cha farasi, wimbi la Atlantiki linavunjikia pale, na nyuma yake maji yanatulia kama ya kwenye karai ingawa upepo unakupiga usoni uleule. Ng'ambo ya huo mwamba, ukitoa kale ka-Petit Tabac, hakuna ardhi nyingine mpaka Afrika, ndo maana nilikuwa napenda kukaa pale jioni nikimaliza vyombo.

Pale Baradal wamezungushia maboya sehemu ya kasa. Unaingia kwa miguu kutoka ufukweni, maji kifuani, unavaa miwani unainamisha kichwa tu, na kasa yuko chini yako anakula majani kama ng'ombe. Unasikia kabisa anavyong'oa. Halafu anapanda kuvuta pumzi, kichwa kinatoka futi chache na uso wako, anakuangalia kama mzee aliyeamshwa usingizini, anarudi zake chini. Usimguse na usimfukuze, walinzi wapo na wakali. Kuwinda kasa kumepigwa marufuku nchi nzima tangu 2017.

Na kule huhitaji kumiliki boti wiki nzima, kutoka Union au hata Bequia kuna boti za kwenda asubuhi kurudi jioni. Wenyeji pia wanachoma kambakoche pale Petit Bateau, meza ziko chini ya miti, ila msimu ukifungwa, Mei hadi mwisho wa Agosti, akikuletea mtu kambakoche mbichi jua ameiba.

Bi_Safari

Mpenda_maji huyo wakala wako anavutia kwake, tena bila aibu.

Nilikaa Saint Vincent siku sita, Bequia tatu, na nikiambiwa nirudie sehemu moja narudia Saint Vincent. Mchanga ni mweusi ndiyo, kwa sababu kisiwa chote ni volkano, mchanga ni jiwe la moto lililosagika. Huko Grenadines ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makome. Ukielewa hivyo huuoni tena kama uchafu. Ila vaa ndala, jua la saa saba linaugeuza kikaango.

Nianze na chakula manake ndicho kilichonishika. Kesho yake tangu nifike nimepita sokoni Kingstown nikaona mama ana moto wa mkaa na juu yake madude meusi ya mviringo yameungua kama makaa yenyewe, nikasema hawa wanachoma nini. Akachukua moja, akalishika na kitambaa, akalimenya lile ganda jeusi kwa kisu, ndani njano inatoa moshi... shelisheli! Akalikata vipande, akaniwekea na visamaki vya kukaanga, jamii ya kolekole lakini vidogo. Hicho ndicho chakula chao cha taifa, shelisheli la kuchoma na samaki. Limeiva kwa moto halikuchemshwa, lina harufu ya moshi na linakaukia kidogo mdomoni, ukipata na mchuzi wa pilipili unanyamaza kimya.

Na lile shelisheli lina historia yake mbaya. Lililetwa pale Januari 1793 na nahodha Bligh, yuleyule aliyeasiwa na mabaharia wake 1789 safari ya kwanza, akarudi tena Tahiti kuchukua miche mingine akaileta. Lengo lilikuwa wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Kwenye bustani ya mimea ya Kingstown, ya tangu 1765, wanakuonyesha mti uliochipuka kutoka kwenye ile miche. Nimesimama chini yake nikafikiria sana, yaani kitu kililetwa kiwe chakula cha mateso halafu wajukuu wa walewale wakakigeuza ndiyo fahari ya nchi, na Agosti, mwezi wa kukumbuka kuachiwa huru, wanakifanyia sherehe kabisa.

Halafu nenda Fort Charlotte, juu ya mji. Ngome ya Waingereza. Nimezoea ngome mizinga inaangalia baharini, si ndiyo? Pale mizinga mingi imegeuzwa inaangalia bara, milimani. Waingereza hawakuogopa sana Wafaransa, waliogopa wenye nchi. Nitaandika hilo baadaye nikitulia, simu inaisha chaji.

kijana_wa_bara

Mi sijafika ila nasikia Bequia wanaua nyangumi. Mnaenda kuchangia hela hiyo? Samahani lakini mi ningeenda kwingine.

baharia_wa_zamani

Kijana nakuelewa ila jambo lenyewe si kama meli za viwanda. Bequia wana ruhusa ya tume ya kimataifa ya nyangumi, wastani wa nyangumi wa nundu wanne kwa mwaka, na kuna miaka hawapati hata mmoja. Walianza miaka ya 1870. Mashua ya mbao ya tanga na makasia, mtu amesimama mbele na chusa ya kurusha kwa mkono. Siku hizi boti za mashine huwasaidia, ndo kelele za wapinzani zinapoanzia, wanasema kama ni mila basi fanyeni kimila. Hata wenyeji wenyewe hawakubaliani, nimekaa kwenye baa Port Elizabeth, mji wa hapo Bequia, nikasikia ndugu wawili wanagombana mpaka mmoja akaacha glasi yake akaondoka. Wa kwanza alikuwa anasema nyama inagawiwa kisiwa chote, wa pili anasema nyangumi hai anayetazamwa na watalii ana faida kila mwaka na aliyekufa ana faida siku moja. Mi nilinyamaza, mgeni una nini cha kusema.

Mimi nyama yake sijala. Lakini zile mashua nimeziangalia kwa karibu, aisee ufundi! Na palepale Port Elizabeth kuna mafundi wanachonga mashua ndogo za kuweka mezani, kila ubao na kamba imefuatwa. Unampa picha ya boti yako anakutengenezea. Hiyo ndiyo zawadi ya kurudi nayo, siyo fulana.

Bi_Safari

Nimerudi. Hapo kwenye ngome.

Kabla ya Waingereza na hata wakiwepo, Saint Vincent ilikuwa ya Wakalinago, wenyeji wa asili wa visiwa hivi, na ndani yao wakaingia Waafrika. Masimulizi yanasema meli ya watumwa ilivunjika karibu na Bequia karne ya 17 watu wakaogelea, wengine walitoroka Barbados. Angalieni ramani mtaelewa, Barbados iko mashariki, na upepo aliousema baharia unasukuma kuja huku, mtu akiiba kitumbwi usiku anachukuliwa tu na bahari mpaka Saint Vincent. Wakaoana, wakawa taifa jipya lenye lugha ya Wakalinago na sura ya Kiafrika, ndio Wagarifuna, na wakawapiga Waingereza miaka na miaka wasiingie upande wao wa kisiwa. Kiongozi wao Joseph Chatoyer aliuawa 14 Machi 1795, leo ndiye shujaa wa taifa na tarehe hiyo ni sikukuu.

Baada ya kushindwa walikusanywa kama 5,000 wakatupwa kwenye kisiwa kinaitwa Baliceaux, kikavu, maji hamna. Karibu nusu walikufa pale kwa ugonjwa na njaa kwa miezi michache. Waliobaki 1797 wakapakiwa melini wakapelekwa kisiwa cha Roatán, Honduras, na ndiyo maana leo Wagarifuna wengi utawakuta Honduras, Belize na Guatemala na siyo kwao. Kila Machi wengine wanarudi kuja kuhiji Baliceaux. Kile kisiwa kilikuwa mali ya watu binafsi muda wote huo, kikawekwa hata sokoni, mpaka 2025 serikali ikatangaza kukichukua kiwe cha kumbukumbu.

Ukitoka Kingstown kwa feri kwenda Bequia angalia upande wa kushoto mbali kule, utakiona. Wenzangu kwenye feri walikuwa wanapiga picha za machweo, yule mzee wa pembeni yangu akaninyooshea kidole akasema jina lake tu, "Baliceaux", hakuongeza neno. Sasa niambieni, wakala anayesema unganisha moja kwa moja bandarini anajua anachokiuza kweli?

mpenda_maji

Aisee Bi_Safari umenimaliza. Nimemsomea mwenzangu hii kwa sauti, kakaa kimya.

Basi boti ya siku 7 tumeiacha. Naomba kuuliza, je Union bado panaendeka baada ya kile kimbunga? Na mwezi gani mzuri, manake nasikia kanivali yao ni Julai lakini Julai si ndiyo vimbunga vyenyewe?

mdau_wa_Union

Nijibu la Union, nilikuwa huko na kikundi cha ujenzi baada ya Beryl.

Beryl ilipita 1 Julai 2024, daraja la 4, na usiku wa kuamkia tarehe 2 ikapanda daraja la 5, haijawahi kutokea Atlantiki mapema namna hiyo tangu wameanza kuandika rekodi. Waziri mkuu wa wakati huo alisema nyumba asilimia 90 za Union zimebomoka au kuharibika vibaya, na mimi niliyefika baadaye nakwambia hakutia chumvi. Kilima kilichokuwa kijani kilikuwa cha kahawia kama kimechomwa moto, miti yote imevuliwa majani. Mayreau na Canouan nazo zilipigwa, Bequia iliponea kiasi.

Panaendeka. Nendeni, lakini msiende na matarajio ya zile video za zamani, wengine bado wanajenga. Lala kwenye nyumba ya mtu wa palepale, kula kwa mama wa Clifton, mji wa hapo Union, lipia mwongozaji, hiyo hela inaingia kwenye bati na mbao moja kwa moja. Kitu cha kuona ni ule msitu wa juu ya Chatham Bay, humo kuna mjusi kafiri mdogo kuliko kidole gumba, ana rangi kama amechorwa na mtoto, madoa mekundu, meusi, meupe, na hakuna mahali pengine duniani anapoishi. Wanasayansi wamemjua 2005 tu, na mara hiyohiyo wezi wa wanyama wakaanza kumsaka kuuza Ulaya kwa watu wa kufuga mijusi, mpaka 2019 biashara yake ikakatazwa kimataifa. Usiende bila mwongozaji na usigeuzegeuze mawe kumtafuta, hapo chini ndipo anapoishi.

Bi_Safari

Kuhusu miezi, ukitaka ukavu ni Januari hadi Mei. Vimbunga rasmi ni Juni hadi Novemba, lakini kweli kanivali yao Vincy Mas inaangukia mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Zamani ilikuwa kabla ya Kwaresima kama ya Trinidad, wakaihamisha 1977 isigongane na ya jirani. Jumatatu alfajiri ni J'ouvert, watu wamejipaka rangi na tope, Jumanne ndiyo manyoya na mapambo. Mimi hiyo sijaiona, niliona Nine Mornings na sibadilishani.

Ni hivi, asubuhi tisa kabla ya Krismasi mji wote unaamka saa tisa saa kumi usiku, wanatembea, wanaimba, wanaendesha baiskeli, wengine wanaenda kuoga baharini giza totoro, jukwaani kuna vichekesho na mashindano ya kuimba, halafu kukipambazuka kila mtu anaenda kazini macho mekundu. Hakuna kiingilio, na wala haikufanyiwa mtalii. Niliamshwa na bibi mwenye nyumba, kanigongea dirisha kwa mwiko, "wewe, umekuja kulala?"

Mlima La Soufrière msiuache pia kama magoti yanaruhusu. Mita 1,234, kupanda ni kama saa mbili hadi tatu, unaanza kwenye mianzi, baadaye miti inafupika, mwisho ni kokoto na majivu na upepo unaokusukuma. Ulilipuka 1902 ukaua watu kama 1,600, wakati huohuo na ule wa Martinique ulioteketeza mji mzima kesho yake, ndiyo maana wa Saint Vincent ukasahauliwa. Tarehe 9 Aprili 2021 ukalipuka tena, majivu yakafika mpaka Barbados, lakini watu walikuwa wameshaamriwa kuhama siku moja kabla na mlipuko wenyewe haukuua mtu. Juu pale bado unaona miti mikavu imesimama katikati ya michanga. Nendeni na mwongozaji, na anzeni saa kumi na mbili asubuhi, wingu likishuka huoni hata kiatu chako.

baharia_wa_zamani

Naongezea ya kawaida. Hela yao ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, imefungwa hapo tangu 1976 kwa hiyo usihangaike kusubiri bei. Dola ya Marekani wanapokea ila chenji unarudishiwa ya kwao, na ukisikia bei uliza "dola ipi" kabla hujashangilia wala kuzimia. Daladala zao zinaitwa van, zina majina na miziki ya kupasua masikio, bei ya wenyeji, zinafika karibu kila kijiji. Ndege kubwa zinatua Argyle tangu 2017. Ukiunganishia Marekani lazima viza yao iwepo hata kama hutoki uwanjani, hapo wengi wameumia.

Na pombe, kuna ramu yao inaitwa Sunset, ile ya Very Strong ni asilimia 84.5. Siyo kosa la uandishi. Mabaharia tuliitumia kuwashia mkaa. Mtu akikukaribisha weka maji mengi na ukae karibu na kiti.

mpenda_maji

Wakuu nimeshapanga, Desemba katikati tupate hizo asubuhi tisa, siku tano Saint Vincent, tatu Bequia, mbili Union, na moja kati ya hizo mbili ni ya Tobago Cays, mwenzangu amekubali boti ya siku moja kwa sharti la vidonge na ndoo yake mwenyewe. Wakala nimemwandikia hapana, kanijibu "mtajuta".

Swali la mwisho la kijinga, begi langu la mgongoni ni la kombati, yale madoadoa ya jeshi, na kofia yake. Si hakuna shida?

mdau_wa_Union

Shida ipo. Raia kuvaa kombati kule ni kosa kisheria, hata mtoto. Mwenzetu mmoja alivuliwa kofia uwanja wa ndege na suruali akaambiwa akabadilishe chooni, akaingia nchini na bukta ya kulalia. Begi liache nyumbani.